Pete mbili chini ya filtre moja: siku nilipoinyamazisha redio yetu

Ndugu wasikilizaji, nanyi mnaosoma habari zetu mkiwa kwa jamaa, kambini ao mbali na nyumbani, leo siwaletei habari ya kikao wala ya barabara. Nawaletea yangu mwenyewe. Ni habari ya mafuta yaliyovuja kwenye grupu ya redio, na mimi ndiye niliyeyavujisha. Wengi wenu mlikuwa mnasikiliza jioni ile sauti ilipokatika katikati ya jina la mtu. Miaka hii yote mkiniuliza nini kilitokea, nimekuwa nikiwajibu, "Ilikuwa pane tu." Si kweli. Leo nasema yote, kwa sababu wengi wenu mna grupu, mna moto, mna gari ao mtumbwi wa motere, na sitaki yanipate tena mimi wala yawapate ninyi.

Ilikuwa mwisho wa mwezi wa Aprili 2020. Mnaikumbuka ile tarehe: usiku wa 16 kuamkia 17, mvua ilinyesha sana milimani juu ya Uvira, mto Mulongwe ukafurika na kuingia mjini na mawe yake. Makumi ya watu walikufa. Maelfu ya nyumba zilibomoka ao zilijaa matope. Waliookoka walilala makanisani, kwa jamaa na mashuleni, maana shule zilikuwa zimefungwa kwa sababu ya Korona. Simu nyingi zilikwenda na maji. Mtu alikuwa Kasenga hajui kama ndugu yake yuko Kalundu akiwa mzima ao amekwisha kuzikwa. Ndiyo sababu kila siku saa 12 ya jioni tulikuwa na matangazo ya kutafutana. Watu walileta majina kwenye vipande vya karatasi, wengine walisimama mlangoni na kuyasema kwa mdomo, nami niliandika.

Siku zile umeme haukuwa unafika kwenye mtaa wetu. Redio nzima iliishi kwa grupu: motere ya mazutu ya silinda 3, ndani ya kibanda cha mabati nyuma ya studio. Kabla ya mafuriko tulikuwa tunaiwasha saa chache kwa siku. Baada ya mafuriko ilikuwa inalala saa chache tu.

Fundi wetu hakuwepo. Alikuwa ameondoka kwenda upande wa Fizi kutafuta mahali pa kuweka familia yake, nyumba yake ikiwa imejaa mchanga hadi kwenye madirisha. Mwandiko wake ulikuwa umebaki kwenye ukuta wa kibanda, kwa makaa: saa za vidanje ya mwisho, na chini yake saa za vidanje inayofuata. Motere ile ina kidude kinachohesabu saa inazotembea, na fundi alikuwa anamwaga mafuta kila saa 250. Nilipomulika ukuta kwa taa ya simu, nikamulika na kile kidude, nikaona tumepita kwa saa 38.

Nilichomoa kijiti cha kupimia mafuta. Mafuta yalikuwa meusi kama maji ya makaa, na mepesi kati ya vidole. Mafuta ya motere yana kazi nyingi: yanatenganisha chuma na chuma, yanachukua joto, yanabeba uchafu na kuupeleka kwenye filtre ili ubaki pale. Yakizeeka yanashindwa zote, na filtre ikijaa haishiki uchafu tena. Kwa motere ambayo ndiyo sauti ya mji mzima, sikutaka kungoja.

Nilikuwa nimemwangalia fundi akifanya vidanje mara tatu ao nne, na nilikuwa nimemshikia taa. Nikajiambia, kazi hii naijua. Asubuhi nilikwenda dukani karibu na soko, nikanunua lita 7 za mafuta na filtre mpya. Yule muuzaji ni kijana, ananiita yaya. Alichukua karatasi niliyoandika namba ya filtre, akatafuta juu ya rafu, akanipa ileile namba, ndani ya karto yake. Nililipa, tukaagana vizuri.

Usiku ule, baada ya kufunga antena, nilianza kazi. Niliacha motere itembee dakika chache ili mafuta yapate joto na yatoke yote, kisha nikaizima. Nikaweka basani chini, nikafungua bulo ya kumwagia, mafuta yakashuka. Nikairudisha bulo na pete yake ya shaba. Filtre ya zamani ilikuwa imekaza. Niliizungushia kipande cha mkanda wa motere ya zamani, nikavuta, ikalegea. Ikatoka na mafuta yakinimwagikia hadi kwenye kiwiko. Nikaitupa kwenye ndoo ya taka bila kuiangalia mara ya pili.

Ndugu wasomaji, mkitaka kujua kosa liko wapi, liko katika sentensi hiyo ya mwisho. Lakini mimi sikulijua. Kibanda kilikuwa giza, nilikuwa na taa ya simu kati ya meno, na mahali filtre inapokaa pote palikuwa peusi. Nikapaka mafuta mapya kidogo kwenye pete ya kauchu ya filtre mpya, kama fundi alivyokuwa akifanya. Nikaikaza kwa mkono. Nikajaza mafuta, nikapima kwa kijiti, nikawasha dakika moja. Hakuna tone. Nikazima, nikamwandikia mkuu wa redio ujumbe: "Vidanje imefanyika. Nimeifanya mimi mwenyewe." Nililala nikiwa na furaha ya mtu aliyeokoa pesa ya fundi.

Kesho yake tuliwasha saa 11 na nusu ya jioni. Saa 12 nikaanza matangazo. Mlangoni mwa studio alikuwa amekaa mama mmoja wa Mulongwe ambaye alikuwa anakuja kwa siku ya nne. Alikuwa anamtafuta mtoto wa dada yake, msichana wa miaka 9, ambaye usiku wa maji alikuwa amelala kwa jirani. Dada yake alikuwa amekufa. Mara zote tatu za kwanza nilisoma tangazo lake likiwa la mwisho, wakati watu wengi wamekwisha kuzima redio ili kulinda mabuye ya redio. Siku ile nilimwahidi, "Leo mama, nitalisoma mapema." Nikaliweka la nne.

Nilikuwa nimefika la tatu sentinele wetu alipofungua mlango bila kupiga hodi, jambo ambalo hafanyi kamwe. Hakusema neno, alionyesha kwa kidole upande wa kibanda. Harufu ikaingia nyuma yake: harufu ya mafuta yanayoungua juu ya chuma cha moto. Nilikimbia. Moshi wa buluu ulikuwa umejaa kibandani, sakafu ilikuwa inang'aa, na kutoka pembeni ya filtre mafuta yalikuwa yanatoka, hayadondoki tena, yanatoka kama maji kwenye mfereji uliotoboka. Taa nyekundu ya presha ilikuwa bado haijawaka. Nikavuta mkono wa kuzimia. Motere ikanyamaza, na redio zote za Uvira zilizokuwa kwetu zikanyamaza nayo.

Hapo nilifanya makosa mawili, moja juu ya lingine.

La kwanza: nilichukua ufunguo mkubwa wa mabomba ya maji, nikaibana filtre kwa nguvu zangu zote. Niliona mafuta yanatoka, nikafikiri haijakaza. Bati la filtre lilibonyea. Nikaongeza mafuta yaliyobaki kwenye bidoni, nikawasha. Kwa muda wa kuhesabu hadi kumi kulikuwa kukavu. Kisha mafuta yakaruka, safari hii hadi ukutani, juu ya mwandiko wa fundi. Nikazima.

La pili ni baya zaidi. Nilipanda moto, nikamwambia motari anipeleke dukani haraka. Kijana alikuwa bado hajafunga. Wateja walikuwepo, watano ao sita. Nikaweka karto tupu ya filtre juu ya meza yake na kusema kwa sauti yangu ya redio, ile ambayo kila mtu anaijua, "Unauzia watu filtre za bandia! Umeizimisha redio ya raiya!"

Kijana alishtuka. Akasema polepole, "Yaya, filtre yenyewe iko wapi? Ilete niione."

Sikuwa nayo. Ilikuwa bado kwenye motere. Lakini sikunyamaza. Nilimwambia kwamba kesho mji mzima utajua ni duka gani linaua motere za watu. Mteja mmoja aliyekuwa ameshika filtre mkononi aliirudisha kwenye rafu na kutoka. Mwingine akamfuata. Kijana hakusema tena neno lolote. Nikaondoka nikiwa na hasira na aibu, na nikaipa hasira nafasi yote ili aibu isiseme.

Nilipofika redio, nilimkuta yule mama hajaondoka. Alikuwa amekwenda hadi shule walikolala na kurudi, na alikuwa amekuja na mzee mmoja mwenye kofia ya sufi. Mzee yule alifanya kazi ya motere miaka mingi, za malori kwanza, halafu za maboti ya ziwani. Maji ya Mulongwe yalimchukulia sanduku lake lote la vyombo. Alikuwa anaishi katika darasa moja na familia nyingine sita, mama yule akiwa katika kona moja na yeye katika kona nyingine.

Nilimwamkia, nikaanza kumweleza habari ya filtre za bandia. Aliniacha nimalize. Kisha akauliza jambo moja tu.

"Mwanangu, filtre ya zamani uliitupa wapi?"

Nilimwambia haina faida, ni ya zamani. Akasema, "Ile mpya siitaki. Nataka ile ya zamani."

Tulimwaga ndoo ya taka kwenye mwanga wa taa ya simu. Filtre ilikuwa chini, imepakwa maganda ya ndizi. Mzee aliipangusa kwa jani, akaigeuza, akapitisha ukucha kwenye mfereji ulio juu yake, mviringo mzima, kama mtu anayesoma kwa kidole. Akanipa na mimi nipitishe. Mfereji ulikuwa mtupu.

"Hii inazaliwa na pete ya kauchu," akasema. "Pete yake iko wapi?"

Ndugu zangu, nilijua jibu kabla ya kulisema. Miguu yangu ililegea. Pete ilikuwa imebaki juu, imegandana na chuma cha motere. Kwa joto la saa karibu 300, kauchu inakuwa ngumu na inanata. Ukifungua filtre, bati linatoka, pete inabaki. Ni nyeusi, na mahali inapobaki ni peusi. Usipopitisha kidole hutaiona. Kisha unaleta filtre mpya na pete yake mpya, unaikalisha juu ya ile ya zamani, unaikaza, na mkono wako unakuambia imekaza vizuri.

"Lakini jana usiku haikuvuja," nikasema.

Mzee alinieleza kwa kutumia vidole vyake viwili. Ndani ya motere kuna pompu inayosukuma mafuta kwa presha. Pete moja ikiwa katika mfereji wake haina pa kwenda. Presha ikija, inabanwa na kuziba zaidi. Pete mbili zikipandana, ile ya zamani haina mfereji tena. Imelala juu ya chuma laini, na kati yake na mwenzake kuna mafuta. Presha inaisukuma kando kidogo kidogo. "Dakika moja inaweza kuvumilia," alisema. "Nusu saa, motere ikiwa imebeba mzigo na kutetemeka, pete inatambaa mpaka inatoka. Na ukiikaza kwa ufunguo, unaisaidia kutoka." Akaongeza kwamba ameona pete mbili zikiimaliza motere ya lori, kwa sababu dereva hakuiona taa nyekundu. Mafuta yote yalimwagika barabarani na chuma kikashikana na chuma.

Tulifungua ile mpya. Kwa sababu nilikuwa nimeibana kama bomba, ilituchukua muda, mzee akishika na mimi nikivuta mkanda. Ilipotoka, pete zote mbili zilikuwepo: ya zamani imetoka nje nusu, imejikunja kama mnyoo, na ile mpya imekatika ukingo. Mzee aliziweka mkononi mwangu. Nimeziweka hata leo, ziko katika kopo la kalamu mezani pangu.

Kisha akaangalia kijiti. Mafuta yalikuwa chini ya alama ya chini, lakini yalikuwepo. Akazungusha motere kwa mkono, sikio karibu nayo kama daktari juu ya kifua cha mtoto. Ilizunguka laini. "Uliizima mapema," akasema. "Ingekuwa dakika tano zaidi, tungekuwa tunazungumza habari nyingine." Shukrani ziende kwa sentinele wetu na pua yake.

Filtre ile haikufaa tena, pete imekatika na bati limebonyea. Tulihitaji nyingine. Mnajua ni duka gani lilikuwa na namba ile.

Njiani nilitafuta maneno ya kujitetea. Giza. Uchovu. Fundi hayupo. Nilipofika, duka lilikuwa limefungwa. Kijana anaishi nyuma yake. Alifungua mlango akiwa na sahani ya ugali mkononi. Nikamwonyesha pete mbili. Hakuna neno moja kati ya yale niliyotayarisha lililotoka. Nilisema tu, "Ndugu yangu, kosa lilikuwa langu. Filtre yako ilikuwa nzima."

Alizitazama pete kwa muda. Akaweka sahani chini, akachukua funguo, akafungua duka. Akanipa filtre na lita 4 za mafuta. Nilipotoa pesa zilizokuwa mfukoni hazikutosha. Akasema, "Utalipa kesho, yaya. Lakini wale watu walikusikia. Na wewe ukisema, watu wanaamini."

Sijawahi kuambiwa neno zito kuliko hilo katika kazi hii. Nilisoma kwenye mafunzo ya uandishi wa habari kwamba habari moja inahitaji kuhakikishwa kwanza, kwamba anayeshitakiwa anapewa nafasi ya kujibu, kwamba hasira si ushahidi. Kila wiki nilikuwa nawaambia wasikilizaji wasisambaze uvumi: siku zile kulikuwa na uvumi mwingi, leo ziwa litapanda, kesho Kalimabenge nao utafurika, na watu walikuwa wakikimbia usiku na watoto mgongoni kwa ajili ya maneno ya mtu asiyejulikana. Na mimi, anayejulikana, nilikuwa nimesimama dukani kwa mtu na kufanya jambo lilelile, nikiwa na karto tupu mkononi.

Tulirudi kibandani. Mzee hakukubali kuifunga yeye. Alisema, "Uliyeiharibu ndiye utakayeitengeneza, mimi nitashika taa." Nilipangusa mahali pa kukalia filtre kwa kitambaa kisafi, nikapitisha kidole mviringo wote mara mbili, mpaka chuma kikawa cheupe. Nikahesabu pete kwa sauti: ya zamani, nje, ya kwanza iliyokatika, nje, mpya, moja, katika mfereji wake. Nikaipaka mafuta. Nikajaza filtre nayo mafuta kidogo ili presha isichelewe kuja. Nikaizungusha kwa mkono mpaka pete iguse chuma, kisha nikaongeza robo tatu ya mzunguko, kwa mkono tu. Nikaomba ufunguo kwa mazoea. Mzee akaukalia.

Tukapangusa motere yote ikauka na kutandika karto chini. Hilo nalo ni somo: motere iliyopakwa mafuta kila mahali haikuonyeshi inapovujia. Mafuta yanatambaa na kudondoka mbali na mahali yalipotoka. Yanaweza kuwa yametoka kwenye bulo ya chini, kwenye kifuniko cha juu, ao kwenye filtre. Pangusa kwanza, weka karto safi, washa, na ungoje tone la kwanza. Tuliwasha. Tukasimama dakika kumi bila kusema, sisi watatu na sentinele, tukitazama karto kama watu wanaotazama sufuria. Karto ilibaki kavu. Tukazima, tukangoja mafuta yashuke, tukapima na kuongeza mpaka alama ya juu. Tukawasha tena.

Saa 2 na nusu ya usiku nilikuwa mbele ya mikro. Kabla ya tangazo lolote nilisema kwamba redio ilizimika kwa sababu ya kosa langu. Nilisema pia kwamba jioni ile nilimsingizia mfanyabiashara mmoja mbele ya wateja wake, nikataja duka lake, na nikasema filtre yake haikuwa na kasoro yoyote. Hapa sitalitaja, lilitajwa pale lilipohitaji kutajwa. Sauti yangu ilitetemeka kuliko siku niliyosoma habari ya mafuriko yenyewe. Kisha nikasoma tangazo la mama wa Mulongwe, la kwanza, mara tatu, polepole: jina la mtoto, jina la marehemu mama yake, nguo aliyovaa usiku ule.

Sitawadanganya kwamba simu ililia palepale. Siku iliyofuata hapakuwa na jibu. Jibu lilikuja siku ya tatu, kwa miguu: mwanamke mmoja kutoka Kalundu, ambaye hana redio, alisikia habari kwa jirani yake aliyekuwa akisikiliza usiku. Mtoto alikuwa kwake tangu asubuhi ya tarehe 17. Alikuwa hasemi jina lake kwa mtu. Alipoulizwa kwa jina lililotangazwa, aliitika. Sijui kama jirani yule angesikia tangazo la saa 12 kama grupu isingezimika, wala sitaki kujua. Najua tu kwamba kama nisingeizima mapema, kusingekuwa na redio ya kusikiliza usiku ule wala miezi iliyofuata, maana pesa ya motere nyingine hatukuwa nayo.

Mzee alirudi nasi mara nyingi baadaye. Wasikilizaji walipojua, mmoja alimletea ufunguo, mwingine koleo, na yule kijana wa duka akamletea sanduku. Fundi wetu aliporudi kutoka Fizi alikuta mwandiko wake ukutani umefutwa na mafuta. Nilimwandikia upya mimi, kwa makaa, na chini yake nikaongeza mstari: *Angalia pete ya zamani.*

Kwa wale wenye motere, nayarudia kwa kifupi. Ukitoa filtre, igeuze kabla ya kuitupa. Kama pete yake haipo, iko kwenye motere, itafute kwa kidole. Fanya kazi hiyo mchana kama unaweza. Kaza kwa mkono, usitumie ufunguo. Washa, ungoje, tazama, na usiende mbali siku ya kwanza. Mafuta yakivuja ao taa nyekundu ikiwaka, zima kwanza, uulize baadaye. Hakuna kipindi chenye thamani kuliko motere. Na mafuta ya zamani msiyamwage mtaroni. Mitaro yetu yote inakwenda Tanganyika, na tunajua ni wangapi wanachota maji ya kunywa pale. Yetu tuliyapeleka kwa seremala, anayapaka kwenye mbao chini ili mchwa wasile.

Na kwa wale wasio na motere, waliopoteza nyumba na sasa wanaishi kwa maneno wanayoyasikia, lenu ni hili. Mtu akija kwenu na shitaka, hata kama ni mimi, hata kama ni kwa sauti mnayoijua, mwulizeni kama yule kijana alivyoniuliza: kitu chenyewe kiko wapi? Kilete tukione.

Ni mimi mwandishi wenu, kutoka Uvira.